Vitabu vya picha na somo la kuandika: darasa langu la tatu lilianza kuandika siku nilipoacha kusema "andika unachokiona"

#1 Mwalimu wa Ziwa

Wakuu, habari za jioni.

Uzi huu nawalenga walimu wa madarasa ya chini, pamoja na mzazi yeyote mwenye mtoto anayesoma vizuri tu, lakini ukimpa karatasi tupu aandike cha kwake anabaki kutafuna penseli.

Nafundisha Kiswahili darasa la tatu, shule ya serikali huku Kanda ya Ziwa. Mkondo wangu una watoto 84. Nyumbani wengi wanaongea Kisukuma. Kiswahili wanakutana nacho shuleni na dukani. Walipanda kutoka la pili wakiwa wanajua kusoma, kwa hiyo wenzangu wa KKK (kusoma, kuandika na kuhesabu) wamefanya kazi yao na siwalaumu. Imla wanaandika. Kunakili ubaoni ndiyo usiseme, mwandiko umenyooka. Ila nikisema "haya, kila mtu aandike sentensi tano kuhusu nyumbani kwao", nakusanya daftari 84 zenye kitu kimoja: Nyumbani kwetu kuna mti. Nyumbani kwetu kuna kuku. Nyumbani kwetu kuna ng'ombe.

Nilidhani tatizo ni msamiati, nikawaongezea msamiati. Orodha ikarefuka, basi.

Shuleni kulikuwa na boksi la vitabu vya hadithi vya picha, tuligawiwa, vikafungiwa kwenye kabati la ofisi visichakae. Nikaomba kimoja, cha kurasa 16. Kwenye ukurasa mmoja bibi amesimama mlangoni ameshika sufuria, uso umekunjamana. Mbele yake kuna mbuzi, mdomo mweupe kwa unga. Nikayafunika maneno kwa kipande cha karatasi, nikapita nacho kati ya madawati, nikaandika ubaoni: "Andika unachokiona."

Nikavuna nilichopanda. Naona bibi. Naona mbuzi. Naona sufuria. Wiki mbili nimekwenda hivyo, na nilishaanza kuamini kwamba hawa watoto hawana cha kusema.

Siku moja nikiwa na ukurasa uleule, binti mmoja wa dawati la nyuma, ambaye huwa hanyooshi mkono, akauliza: "Mwalimu, huyu aliyejificha anaogopa nini?" Nikamuuliza, yupi? Akanionyesha kwa kidole. Pembeni kabisa, nyuma ya kihenge, mchoraji ameweka jicho moja na vidole vinne vya mtoto. Mimi nilikishika kitabu kile wiki mbili sikuwahi kumwona.

Darasa zima likasimama. "Ndiye aliyeiba unga!" "Hapana, anamwogopa bibi!" "Ameacha mlango wazi huyo!" Kiswahili na Kisukuma vinachanganyika, kelele hadi darasa la jirani. Badala ya kuwanyamazisha nikasema: kabla hujasahau, andika. Usinionyeshe kwanza, andika.

Haya ni ya kijana mmoja, nanakili kama alivyoyaandika:

"Bibi amekasilika mbuzi amekula unga. lakini bibi ajui kua mimi ndiye nilie acha mlango wazi. nilikua nakimbilia mpila"

Jamani. Herufi ndogo baada ya nukta, r imegeuka l, "hajui" imepoteza h yake. Lakini soma tena taratibu. Mtoto aliyekuwa anaorodhesha miti amejigeuza msimulizi. Ana siri anayojua yeye na bibi haijui. Ametoa sababu. Na huo mpira haupo kwenye picha kabisa, ameuleta mwenyewe kutoka nyumbani kwao.

Ninachotaka kusema ni hicho. Tusimwandikishe mtoto kilichopo kwenye picha. Kilichopo kila mtu anakiona, hana sababu ya kumwandikia mwenzake. Tumwandikishe kile ambacho picha imekinyamazia: bibi anasema nini hapo, saa moja kabla kulikuwaje, nyuma ya mlango kuna nani, huyu aliyejificha atatokaje. Hapo mtoto anakuwa na habari ambayo wewe mwalimu huna, na mtu mwenye habari hutafuta maneno.

Jambo la pili ni kufunua ukurasa. Kwa miaka nimefundisha kwamba aya ni fungu la sentensi zenye wazo moja. Wanakariri, ukiwapa kazi wanaandika donge moja kutoka juu hadi chini. Sasa nasoma kitabu nao, nikifika pazuri nasimama kabla ya kufunua, wanaandika wanachodhani kinafuata, ndipo nafunua. Baada ya muda nikawaambia: aya mpya inaanza pale ambapo mchoraji angelazimika kuchora picha nyingine. Bibi akiwa jikoni, picha moja. Bibi akitoka kumfukuza mbuzi, picha nyingine, basi ruka mstari. Wameelewa siku hiyohiyo.

Naomba kuwasilisha. Karibuni mnikosoe, hasa mlio na madarasa makubwa kuliko langu.

#2 Chaki Nyeupe

Mwalimu, nakupongeza kwa moyo. Ila acha niseme kama mtu niliyeshika chaki miaka 22.

Mimi nina watoto 117, dawati moja wanakaa wanne. Kitabu kimoja ukipita nacho kati ya madawati, dakika 40 zimeisha hujafika nyuma. Hilo la kwanza.

La pili ni makosa. Mthibiti ubora akifungua daftari akakuta "ajui kua" na hakuna kalamu nyekundu, mimi ndiye nitakayeulizwa. Na kusema ukweli nami nitajiuliza. Kosa likiachwa linaota mizizi. Nina vijana wa la saba wanaandika "apa" na "gali" kwa sababu hakuna aliyewasahihisha wakiwa wadogo.

La tatu, mtihani. Darasa la nne kuna imla. La saba, kwa miaka mingi, sehemu inayoitwa utungaji imekuwa ni kuzipanga sentensi nne kwa kuzipa herufi A mpaka D. Mtoto anachukua alama zote za utungaji bila kutunga hata sentensi moja. Sisemi ni sawa, linaniumiza. Lakini mzazi na mwalimu mkuu wote wanauliza ufaulu, na muda ni uleule.

#3 Mwalimu wa Ziwa

Asante mkuu, hoja zako ni nzito na hata mimi zimeninyima usingizi.

La kitabu kimoja: naichora picha upya kubwa kwenye karatasi ya mfuko wa saruji. Fundi ujenzi yeyote atakupa bure, ukitenganisha tabaka za ndani unapata karatasi safi pana kuliko manila. Mimi si mchoraji, nachora mistari tu kwa makaa au kalamu ya wino mzito. Ila nahakikisha vile vitu vidogo vya pembeni havipotei, maana ndivyo vinavyozaa maneno. Halafu nawagawa mara tatu. Kundi moja linakaa na mimi chini ya mwembe na kitabu chenyewe, la pili linaandika likiangalia karatasi ukutani, la tatu wanasomeana walichoandika jana. Kesho tunazunguka. Kwa hiyo kitabu kimoja kinakula wiki nzima, na hakuna ubaya.

La makosa: sisemi yaachwe. Nachagua kosa moja kwa wiki, naliandika juu ya ubao Jumatatu. Wiki ya nukta na herufi kubwa, kalamu nyekundu inagusa hizo tu. Wiki ya h, tunawinda h: hapa, hajui, hawa. Wiki ya r na l ndiyo ngumu huku kwetu, naipa wiki mbili. Na kwenye andalio la somo naandika wazi kwamba leo nasahihisha kipengele hiki, ili anayefungua daftari ajue. Imla sijaiacha, Ijumaa ipo. Tofauti ni kwamba maneno ya imla nayachota kwenye makosa yao wenyewe, siyo kwenye kichwa changu.

La mtihani sina jibu litakaloturidhisha wote. Nasema hivi: mtoto aliyewahi kutengeneza kitabu chake na kuhangaika picha ipi itangulie, zile sentensi nne za A mpaka D hazimsumbui.

#4 Madam wa Chekechea

Mimi nipo awali na la kwanza, naongezea kidogo.

Kwa wangu ambao herufi bado, tunaanza upande mwingine: wao ndio wanachora, halafu wananisimulia, mimi naandika chini ya mchoro wao sentensi moja kama walivyoitamka. Mtoto akisema "Dada kanichapa ila tumepatana", naandika hivyo hivyo, sibadilishi iwe ya kitabuni. Kesho anakuja kuisoma. Anaisoma kwa sababu ni yake, hata kama silabi nyingine hajafundishwa. Wapo waliolijua neno "tumepatana" kabla hawajamaliza irabu na konsonanti.

Mnisaidie kitu kimoja kwa wazazi. Wakikuta daftari lina michoro wanasema mwalimu anachezea muda. Kwa mtoto wa miaka sita kuchora ni kuandika. Mkono unajifunza kushika penseli, akili inajifunza kwamba jambo lililo kichwani linaweza kukaa kwenye karatasi likamsubiri.

#5 Mwalimu wa Makueni

Hamjambo nyote. Nimefundisha Kiswahili Kenya, madarasa ya juu ya msingi, na uzi huu umenigusa kwa sababu sisi tuliugua ugonjwa mwingine.

Enzi za KCPE, mtihani wetu wa kumaliza shule ya msingi, ambao ulifanywa mara ya mwisho mwaka 2023, insha ilikuwa karatasi yake, dakika 40, alama 40. Kwa hiyo watoto wetu waliandika, tena sana. Lakini waliandika nini? "Nilirauka alfajiri na mapema, nikajitoma hamamuni, nikastaftahi kwa chai." Ukiwapa mada ya ajali, nilirauka alfajiri. Mada ya harusi, nilirauka alfajiri. Walikariri mapambo na methali kumi za kutia popote. Nami niliwafunza hivyo, kwa sababu mtahini alipenda mapambo.

Kitabu cha picha kilinisaidia kuwaondolea hayo. Nilimpa msichana mmoja wa gredi ya nne picha ya mvulana ameketi peke yake kituo cha matatu na sanduku. Akaanza, "Ilikuwa siku ya Jumamosi, jua la matlai..." Nikamwomba afute, aangalie viatu vya huyo mvulana kwanza. Akatazama. Akaandika: "Viatu vyake ni vipya lakini miguu ina vumbi. Ametembea mbali ili asivichafue, akavivaa hapa."

Hakuna methali humo. Hakuna hata neno moja gumu. Nilimsomea mwalimu mwenzangu akanyamaza.

Mtaala wa umilisi, uliokuja baada ya ule wa KCPE, umetupa nafasi ya kufanya haya zaidi, lakini karatasi ya KPSEA, mtihani wa kitaifa wa gredi ya sita, ni ya kuchagua majibu, kwa hiyo namwelewa sana Chaki Nyeupe. Hofu yake ndiyo yetu pia.

#6 Penseli HB

Si mwalimu, ni mchoraji. Nimechora vitabu kadhaa vya watoto, kwa hiyo niwape siri za jikoni.

Kile ambacho Mwalimu wa Ziwa amekiita "picha imekinyamazia" si bahati. Mchoraji mwenye akili hupewa maneno "Bibi alikasirika" na hachori bibi aliyekasirika tu. Anajiuliza maneno yameacha nini, anakiweka pembeni. Yule mtoto nyuma ya kihenge naamini hayumo kwenye maneno ya ukurasa huo. Mwalimu, hebu angalia utuambie.

Kwa hiyo mkichagua vitabu, vifunueni muone. Kuna vitabu vingi ambavyo maneno yanasema "Juma ana mpira" na picha ni Juma ana mpira. Vya namna hiyo vinafaa kusoma, kwa kuandika havikupi kitu. Tafuteni picha zenye watu wanaotazamana, na zenye mambo kwenye kona. Huyu John Kilaka wetu, anayechora kwa mtindo wa Tingatinga, wanyama wake wamevaa nguo na wana shughuli zao kama watu wa sokoni. Mpe mtoto picha kama hiyo, kila mnyama ana maneno yake ya kusema.

Jambo jingine, kurasa. Vitabu hivi huwa na kurasa 16, 24 au 32 kwa sababu karatasi kubwa ya mtambo hukunjwa, na kila mkunjo huzaa kurasa kwa mafungu ya 8 au 16. Mwandishi analazimika kuikata hadithi iingie humo. Wanafunzi wenu wakipewa idadi ya kurasa kabla ya kuanza, watajifunza kupunguza maneno bila ninyi kuwaambia.

#7 Mwalimu wa Ziwa

Penseli HB, nimetoka kukifungua sasa hivi. Maneno ya ukurasa ule ni: "Bibi alirudi akakuta unga umeliwa." Mtoto hatajwi hadi kurasa mbili mbele. Umenifumbua macho, ndugu yangu.

#8 Mama Wawili

Naombeni msaada. Wanangu wako la pili na la nne, shule yao haina vitabu hivi na dukani bei imenishinda. Nina simu ya kawaida ya kuperuzi. Nifanyeje?

#9 Mwalimu wa Ziwa

Dada, simu inatosha. Ingia tovuti ya African Storybook, ni mradi wa taasisi ya Saide ya Afrika Kusini, ulianzia kwa majaribio Kenya, Uganda na huko kwao, tovuti ikafunguliwa mwaka 2014. Hadithi za Kiswahili zipo, bure, na unapakua moja moja ukiwa na bando dogo kisha unasoma bila intaneti. Zimepangwa kwa ngazi, za chini zina maneno machache kwa ukurasa. Kuna pia StoryWeaver ya Pratham Books ya India, wanavyo hata vitabu vya picha visivyo na neno hata moja, na hivyo kwa kazi hii ni dhahabu. Nyingi zimewekwa kwa leseni huria, unaruhusiwa kuchapa, kutafsiri, hata kuandika maneno mengine kwenye picha zilezile. Yaani mtoto wako akitunga hadithi mpya juu ya picha hizo, hajaiba.

Halafu mtengenezee kitabu chake. Chomoa karatasi pana ya katikati ya daftari. Ikunje kwa urefu, ifungue. Sasa ikunje kwa upana mara mbili, ukiifungua una vyumba vinane. Ikunje tena kwa upana mara moja tu, halafu kwa wembe au rula kata ule mstari wa katikati kuanzia kwenye mkunjo hadi unapofika chumba kinachofuata, usikate hadi mwisho. Fungua, ikunje kwa urefu, shika ncha mbili uzisukume kwenda katikati. Pale ulipokata patafunguka kama mdomo wa ndege. Vibane vyumba viungane, umepata kitabu chenye jalada mbele na nyuma na kurasa sita ndani. Hakuna gundi, hakuna stepla.

Kurasa sita zinabana kama alivyosema Penseli HB. Wa kwangu mmoja alifika ukurasa wa nne hadithi bado haijaanza, akalia. Tukakaa naye tukaangalia kipi kitoke. Alitoa safari nzima ya kwenda gulioni akabakiza pale mfuko ulipochanika. Hadithi ikapona.

#10 Chaki Nyeupe

Nimerudi na taarifa.

Sikuwa na kitabu cha picha, nikachukua picha iliyomo kwenye kitabu cha kiada, ile ya watu wanavuka mto kwa mtumbwi. Nikaichora kwenye mfuko wa saruji kama ulivyoelekeza. Nikawauliza: kuna mtu mmoja hakupanda, kwa nini?

Niseme ukweli. Zaidi ya nusu wameorodhesha tu. Naona mto, naona mtumbwi. Wengine wametazamia kwa mwenzao neno kwa neno, nimekuta dawati moja watu wanne wote wanasema huyo mtu alisahau nauli.

Lakini yupo mmoja, kijana mkubwa kuliko wenzake, alichelewa kuanza shule. Tangu Januari hajaniandikia zaidi ya jina lake. Ameandika mistari mitatu. Anasema huyo mtu hakupanda kwa sababu mtumbwi ule ndio uliomzamisha kaka yake. Nikamwita pembeni kumuuliza habari hiyo ameitoa wapi. Akasema ni hadithi tu, mwalimu. Sikumuuliza zaidi. Daftari lake nilirudi nalo nyumbani.

Nitaendelea. Nisaidie tu hili la kutazamia, dawati la watu wanne nifanyeje?

#11 Mwalimu wa Ziwa

Mkuu, asante kwa kurudi. Huyo kijana mtunze, na usimsahihishe kitu kwa wiki hizi za mwanzo.

Kutazamia: kila mmoja wa dawati mpe mtu wake ndani ya picha. Wa kwanza ni mpiga kasia, wa pili ni aliyebaki ng'ambo, wa tatu ni mtoto aliyebebwa mgongoni, wa nne ni mto wenyewe. Wote waandike kwa "mimi". Hata akichungulia kwa jirani hapati cha kunakili, maana jirani ni mtu mwingine. Kisha wasomeane kwa zamu, na dawati zima linakuwa na hadithi moja yenye sauti nne. Huyo anayepewa mto huwa anaanza kwa kulalamika kwamba mto hausemi. Mpe dakika tano.

Na wale wa "naona", kesho waambie neno "naona" limepumzika siku moja, waanze na "Kabla ya hapo". Mimi kesho kipindi cha pili nawapa ukurasa wa mwisho wa kile kitabu, ule wenye mlango umefungwa na unga kizingitini. Nitaleta walichoandika.